Masini Ilipona Baada ya Kanyere Kufukuzwa

Mtaa mzima wa Katoyi ulikuwa unajua: ukitaka barua ya kuomba kazi, tangazo la kilio au programu ya ndoa, unaenda kwa Muzee Birindwa. Alikuwa amefundisha Kifaransa upande wa Bukavu tangu ujana wake mpaka mvi zilipomshika, na alipohamia Goma na mkewe Nshobole, hakutaka kukaa nyumbani akihesabu mabati. Chumba cha mbele cha nyumba yao ya mbao akakigeuza sekretaria, ofisi ya kuwaandikia na kuwachapishia watu karatasi. Akaweka meza, benchi la wateja, na juu ya meza kompyuta, masini kama wanavyoiita pale, ambayo mwanawe Magloire alimtumia kutoka Kinshasa, sanduku lake refu jeusi likiwa limesimama kando ya kioo kama askari wa zamu.

Aliipenda kompyuta ile kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Alichoogopa ni vumbi. Vumbi la Goma ni jiwe la volkano lililosagwa na matairi, jeusi na kali, linapita chini ya mlango, linapita kwenye mapengo ya mbao, na ukifuta meza asubuhi, saa sita unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Nshobole, kwa upande wake, alikuwa fundi wa kufuma. Redio yao ilikuwa na kitambaa chake cheupe, televisheni yake, viti vyao, hata pipa la maji lilivaa. Basi Birindwa akamwambia mkewe:

"Mama Magloire, unifumie ya masini. Ikuwe ndefu, ifike ku meza, na ndani ushone kitambaa kizito, ju vumbi isipite mu matundu."

Nshobole akafuma, akashona, na kilipokwisha kilikuwa kizuri hata wateja walikigusa. Kilifunika sanduku juu, pande zote mbili na mgongoni, na mbele kilikuwa na pindo la kuinua ili kidole kifike kwenye kitufe cha kuwashia.

Wakati huo Birindwa alikuwa ameshamwajiri Kanyere. Binti huyu alitoka upande wa Beni pamoja na mama yake na kaka yake Kambere, vita vilipowafikia shambani. Kambere alipata kibanda mtaa wa Mapendo akawa anatengeneza simu. Kanyere alikuwa amesoma mpaka diplome ya humanités, ile ya kumaliza sekondari, na alipiga masini bila kuangalia vidole, macho kwenye karatasi tu, kama mtu anayechambua maharagwe huku akizungumza. Alimwita Birindwa papa. Birindwa alimwita mutoto yangu, na alimaanisha hivyo. Ila ziko siku mteja alikuwa anaingia, anampita Birindwa mlangoni na kuuliza, "Kanyere iko?" Siku hizo mzee alikuwa anarekebisha miwani yake na kutoka nje kutazama barabara. Hakuna aliyeona, na yeye mwenyewe hakujiuliza kwa nini anatoka.

Asubuhi moja, baada ya kuvumilia siku kadhaa, akamkuta tena Kanyere ameondoa kile kitambaa, amekikunja vizuri na kukiweka kwenye benchi.

"Kanyere, nani alikuambia uvue masini nguo?"

"Papa, clé USB ya mutu haikuwa inapata fasi ya kuingia. Kitambaa inasumbua."

"Utainua pembe kidogo, utaingiza clé, utashusha. Vumbi haina dimanche, haipumuziki. Sitaki kuona hii masini iko uchi tena."

"Sawa, papa."

Akakirudisha, akakivuta mpaka kikagusa meza pande zote, na tangu siku hiyo hakukigusa tena.

Kiangazi kilipokaza, ndipo kompyuta ilipoanza kuugua. Kwanza ilikuwa inanguruma, feni yake ikipiga kelele kama boti inayopanda wimbi. Kisha siku moja, katikati ya programu ya ndoa, kioo kikawa cheusi na maneno meupe ya Kifaransa yakatokea. Birindwa aliyasoma kwa sauti, kwa mazoea ya darasani: joto la processeur, ubongo wa masini, limepita kiasi, masini itajizima. Ikajizima. Kurasa ambazo Kanyere alikuwa hajazihifadhi zikapotea, na mama wa bibi harusi alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi.

Mwanzoni Birindwa alilaumu umeme, kwa kuwa Goma umeme hulaumiwa kwa kila kitu na mara nyingi ni haki yake. Akanunua stabilisateur, kifaa cha kutuliza umeme. Kompyuta ikazima. Akalaumu virusi, akakataza clé za wateja kwa muda. Ikazima. Akafungua dirisha hewa iingie. Vumbi likaingia badala ya hewa, akafunga. Kila ilipozima walilazimika kungoja ipoe, Kanyere akiwa amekaa mikono mapajani, wateja wakitazamana, na mmoja baada ya mwingine wakasema, "Tutarudi kesho," na kesho hawakurudi.

Akamwita Gradi, fundi wa kompyuta mwenye karakana yake huko mjini. Gradi alikuja, akavua kitambaa akakitupa kwenye benchi, akafungua sanduku. Akapuliza vumbi, ambalo halikuwa jingi, akasafisha feni kwa brashi, akapaka dawa mpya ya kupoza kati ya feni na processeur. Akaiwasha ubavu ukiwa wazi, wakakaa wakiitazama kama watu wanaotazama mgonjwa akinywa uji. Haikuzima. Akafunga, akaiacha inafanya kazi, akaenda zake. Birindwa akachukua kitambaa akakikung'uta, akaivalisha masini.

Kesho yake ikazima.

Safari hii Gradi aliichukua kwenda nayo karakanani. Ilishinda huko ikifanya kazi, akaitesa kwa video na michezo mizito ya vijana, haikutoa onyo hata moja. Akairudisha akiwa amechoka nayo.

"Muzee, kwangu haizimi. Ventilateur ya kupoza ni nzima, kila kitu ni kizima. Uangalie hapa kwako. Kuna kitu, ama kuna mutu."

Gradi alisema hivyo kama msemo tu, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Lakini yale maneno mawili ya mwisho yalibaki chumbani. Kuna mutu. Birindwa alikaa nayo mchana mzima, huku Kanyere akipiga masini mbele yake, na kadiri alivyomtazama ndivyo mambo yalivyojipanga kichwani mwake. Nani mwingine anashika masini hii? Nani ana ndugu fundi Mapendo? Si wanaweza kutoa feni nzima jioni na kuweka mbovu, na Gradi akiitwa wakarudisha ile nzima? Hakujiuliza nani angehangaika namna hiyo kwa feni moja. Ukishataka kumwona mtu ni mwizi, hata jinsi anavyofunga mlango inakuwa ushahidi.

Kama angemwita Kanyere kando na kumuuliza, pengine yote yangeisha hapo. Hakumuuliza. Alingoja Alhamisi.

Alhamisi mchana ni siku ya shirika, ule mkutano wa Wakristo wa mtaa unaozunguka nyumba kwa nyumba, na wiki ile ulikuwa kwa Papa Bashige, ambaye ndiye alikuwa kiongozi wao. Walisoma Injili, wakasali, wakafika kwenye matangazo. Birindwa akasimama. Kanyere alikuwa nyuma, kwenye mkeka, pamoja na mama yake.

"Ndugu zangu," alisema, "muangalie sana batoto benye munaingiza mu nyumba. Unamupa mutu kazi, unamuita mutoto yako, kumbe anatoa kitu kizima ku masini yako, anarudisha kibovu, na ndugu yake anauzisha ku Mapendo. Lakini tufanye nini? Kuna batu, biashara iko mu damu yao."

Vichwa viligeuka. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Banande, watu wa upande wa Beni, walikuwa wanajulikana katika shirika lile, na mwenye ndugu Mapendo alikuwa mmoja.

Kanyere alisimama. "Papa, ni miye unasema?"

Hapo bado kulikuwa na mlango wa kutokea. Birindwa akasema, "Mwenye kusikia, asikie," akaketi.

Asubuhi iliyofuata Kanyere alikuja kama kawaida yake, kabla ya wateja. Hakuketi. Aliweka ufunguo wa sekretaria mezani.

"Ile programu ya ndoa nilimaliza jana. Iko mu dosie ya mama mwenyewe," akasema. "Bakia salama."

Birindwa alikuwa anajifanya anatafuta miwani, nayo ilikuwa usoni.

Basi akabaki peke yake na masini yake, anapiga kwa vidole viwili, barua moja inachukua muda ambao Kanyere angemaliza tatu. Siku chache zikapita hivyo. Mchana mmoja, jua likiwa linachoma mabati, alikuwa anaandika tangazo la kilio cha jirani, na onyo likatokea tena. Kioo kikazima. Birindwa akaegemea meza kwa uchovu, na kiwiko chake kikaangukia juu ya sanduku, juu ya kile kitambaa cheupe.

Akaruka. Kitambaa kilikuwa cha moto kama shati lililotoka kwenye pasi.

Akaingiza mkono polepole nyuma ya sanduku, chini ya pindo, pale feni inapotolea pumzi yake. Joto lilikuwa limejaa pale kama kwenye chungu kilichofunikwa. Kile kitambaa kizito cha ndani, alichokitaka yeye mwenyewe, kilikuwa kimebana matundu yote. Masini ilikuwa inapumua moto na kuuvuta tena uleule.

Akakivua. Akangoja ipoe, akaiwasha, akaandika tangazo lote, akaandika na jingine asilolihitaji. Haikuzima. Halafu akakivalisha tena, kama mtu anayeomba shahidi abadili maneno yake. Feni ikaanza kupanda sauti, ikapanda, na maneno meupe yakarudi.

Birindwa aliketi kwenye benchi la wateja. Alikumbuka kitambaa kilichokunjwa vizuri, pembe kwa pembe, siku ile alipomkaripia Kanyere. Kabla ya karipio lile masini ilikuwa haijawahi kuzima hata mara moja, kwa sababu binti alikuwa anakiondoa kila asubuhi. Wala hakuwa anajua. Kilikuwa kinamsumbua tu kwa clé. Uso wa mzee ukawaka, ingawa chumbani hapakuwa na mtu.

Sasa hapa ndipo wengi husema, angekimbia siku hiyohiyo kwenda kumuomba binti msamaha. Ni rahisi kusema. Birindwa alikunja kitambaa, akakitia ndani ya sanduku la nguo kuukuu chini ya kitanda, na Nshobole alipouliza akamwambia kilichafuka na wino. Akajiambia kwamba atangoja kidogo, apate maneno.

Lakini masini ikapona, na kupona kwake ndiko kulikoharibu kila kitu. Wateja walirudi. Bashige alipita kuchapisha karatasi za parokia, akaona kazi inakwenda vizuri, akapiga makofi.

"Unaona, muzee? Alipotoka tu, masini ikapona! Na batu balikuwa banasema unamuonea."

Birindwa akafungua mdomo. "Eeh," akasema.

Neno fupi hivyo. Lilipofika kisimani lilikuwa limekuwa habari ndefu: hata Muzee Birindwa mwenyewe amethibitisha, masini ilipona mara tu binti alipofukuzwa. Kila karatasi safi iliyotoka katika chumba chake ilikuwa inamshitaki Kanyere upya. Yeye ndiye aliyekuwa anazichapisha.

Aliacha kupokea komunyo. Jumapili watu walipojipanga, yeye alikuwa anabaki kwenye benchi akijishika tumbo, na Nshobole alirudi kutoka altareni akamtazama. Mitaani alikuwa anabadili njia asipite karibu na nyumba ya kina Kanyere, na njia ile nyingine ilikuwa ya mawe makali yaliyomlia viatu.

Ndipo akaja Charline. Huyu alikuwa na sekretaria kubwa karibu na soko, yenye kompyuta kadhaa, na alikuwa mtu wa haki. Alikuja mwenyewe badala ya kusikiliza uvumi.

"Papa Birindwa, Kanyere alikuja kwangu kuomba kazi. Nilimujaribu, anajua sana. Lakini batu banasema mambo. Nikasema nije nikuulize weye. Ni kweli?"

Walikuwa wawili tu. Mlango ulikuwa umefungwa nusu. Hakuna mahali pengine duniani ambapo ukweli ungemgharimu kidogo kama pale, na Birindwa alijua hivyo wakati midomo yake inasogea.

"Mama Charline," akasema, "kila mutu na macho yake."

Charline akaitikia kwa kichwa taratibu, akamshukuru, akaondoka. Birindwa akasimama mlangoni akimtazama anavyoshuka, na akataka kumwita, lakini hakumwita. Kwa ile feni alikuwa amedanganyika mwenyewe, na hilo linaweza kumpata yeyote. Hili la Charline alilifanya akiwa anaona.

Wiki mbili tatu baadaye Nshobole alirudi kutoka soko la Kituku, kando ya ziwa, na sambaza, vile visamaki vidogo, kwenye beseni. Akaanza kuzisafisha uani, mumewe akiwa ameketi karibu na redio.

"Unajua nani alinipimia hizi sambaza?" akauliza bila kuinua macho. "Kanyere. Anauzisha pale, pembeni ya boti. Alinitilia na matabishi juu, ya bure. Akaniuliza: papa iko muzima?"

Birindwa akainamia redio akitafuta stesheni. Chakula kilipokuja, zilikuwa zimekaangwa vizuri, na pilipili na limau, akazitazama. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Papa Magloire," Nshobole akasema, "kitambaa ya masini iko wapi? Nilitafuta nikifue. Haina wino. Nilikiona chini ya kitanda."

Akamwambia. Alimwambia yote, kiwiko, joto, Bashige, mpaka Charline.

"Mimi nilifuma," Nshobole akasema. "Ungeniambia, ningecheka tu, ningekipasua. Lakini mutoto wa batu, Papa Magloire? Na mama yake tunakaa naye mukeka moja kila Alhamisi?"

Alisimama akaondoa sahani.

Asubuhi Birindwa alivaa koti, akapiga viatu rangi, akateremka Kituku. Boti zilikuwa zinapakua viazi na makaa, wanawake wakiitana juu ya mabeseni, na ardhi yote ilikuwa maji na magamba ya samaki. Alimkuta Kanyere amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitenge kimefungwa kiunoni, anapima sambaza kwa kopo. Akamaliza kumhudumia mteja wake kwanza.

"Jambo, papa."

"Jambo, mutoto yangu. Naomba tusogee pembeni kidogo. Niko na neno."

"Samaki ziko kwa jua, papa. Sema tu hapa."

Wauzaji wenzake walikuwa wameshanyamaza. Birindwa akasema, miguu ikizama kwenye tope: kwamba hakukuwa na mwizi, ni kitambaa ndicho kilichokuwa kinaziba masini, kwamba anaomba msamaha, kwamba kiti chake kipo na arudi hata leo.

Kanyere alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ametoa machozi kidogo, akayafuta kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole vilikuwa na samaki.

"Papa, hapa Kituku hakuna mwenye aliniita mwizi. Hapa balinipa ndoo nikakaa. Kule ndiko ulisemea, mbele ya batu. Basi kule ndiko utasema." Akachukua kopo tena. "Unajua Kambere, sasa mutu akimuletea telefoni anaketi palepale anamuangalia mikono mupaka amalize. Wa zamani na wapya, wote. Hiyo ndiyo utatengeneza, papa. Mimi kurudi, sitarudi."

Birindwa alipanda kutoka Kituku kwa miguu.

Alhamisi ilikuwa mbali na ilifika haraka. Shirika lilikuwa tena kwa Bashige, sebule ileile. Kanyere hakuja, lakini mama yake alikuwepo, mahali pake, karibu na Nshobole. Kwenye matangazo Birindwa alisimama. Alikuwa ametayarisha maneno mazuri, mengine ya Kifaransa.

"Ndugu zangu, kuhusu ile mambo ya masini, kulikuwa na malentendu kidogo, kutosikilizana..."

"Ah, muzee!" Bashige akadakia kwa furaha. "Ile si ilishapona? Mungu asifiwe!"

Watu wakaitikia. Birindwa akangoja wamalize.

"Ilipona, ndiyo. Ni ju haikuwa kuibiwa. Ilikuwa... Mama Magloire alifuma kitambaa ya kufunika masini, kizito, na hiyo kitambaa ndiyo ilikuwa inaziba hewa."

Vichwa viligeuka, kama vilivyogeuka siku ile, safari hii kwa Nshobole. Alikuwa anaitazama mikono yake, hasa vidole, na masikio yalikuwa yamemwiva. Birindwa akaona alichofanya. Ulimi wake ulikuwa umetafuta tena mtu wa kubebesha, na umempata aliye karibu kuliko wote.

"Hapana," akasema, kwa sauti hata wa nje walisikia. "Hapana. Miye ndiye nilimuomba afume. Miye ndiye nilisema ishonwe na kitambaa kizito. Kanyere alikuwa anatoa, nikamukataza. Hakuna mwenye aliiba. Kambere hakuuzisha kitu. Nilijua hii mambo tangu kiangazi, nikanyamaza. Mama Charline alikuja kuniuliza, nikaharibu kazi ya mutoto nikiwa najua. Ni miye."

Mtu mmoja karibu na mlango akasema, nusu kwa kunong'ona, "Kumbe muzee alivalisha masini koti!" na sebule nzima ikapasuka. Walicheka mpaka Bashige akapangusa macho. Birindwa alikuwa amejiandaa kwa hasira yao. Kicheko hakukitarajia, na hakujua aweke wapi mikono. Hakuketi. Alihisi kwamba akiketi ndani ya kicheko kile, mambo yatakuwa yamekwisha kwa mzaha.

Mama yake Kanyere hakucheka. Alingoja wote wanyamaze.

"Na ya damu?" akauliza.

"Mama?"

"Ulisema biashara iko mu damu yetu. Ya masini ulisema ni kitambaa. Na ile nayo, ni kitambaa?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Shirika lile lilikuwa na Banande, Bashi wa upande wa Bukavu kama Birindwa, na wengine, na kila mmoja alikuwa ana neno la aina hiyo alilolisema siku fulani nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

"Hapana, mama," Birindwa akasema. "Ile ilikuwa ndani yangu. Mutoto yako alikuwa anajua kazi kunishinda, batu banamuuliza yeye, nikaumia. Nikatafuta neno ya kumushusha, nikalikuta liko tayari mu kinywa. Ninakuomba unisamehe."

"Nimesikia," akasema yule mama. Hakusema amesamehe. Akafunga kitenge chake, na Bashige akaanzisha wimbo haraka kuliko kawaida.

Ijumaa Birindwa alikwenda kwa Charline. Charline alimsikiliza akiwa amesimama, na hakumkaribisha kiti. Nafasi ilikuwa imeshapata mtu, akasema, mwenye mtoto mdogo, hawezi kumtoa. "Ungeniambia ile siku, papa. Nilikuja mupaka kwako."

Alikwenda na Mapendo pia, akampa Kambere simu yake iliyokuwa na kioo kilichopasuka. Kambere aliipokea bila maneno mengi, na Birindwa akaondoka, akarudi kuichukua jioni. Tangu hapo, mteja wake yeyote mwenye simu mbovu alikuwa anamtuma kule, na alikuwa anaeleza kwa nini, hata wasipouliza.

Watoto wa mtaa wakamwita Muzee Koti. Mwanzoni lilimchoma, baadaye alikuwa anageuka akiitwa. Sekretaria yake ilipungua wateja. Si kwa chuki, ila vidole viwili havishindani na kumi, na hakuajiri mtu mwingine. Kompyuta ilikaa bila nguo. Kila asubuhi alikuwa anaifuta vumbi mwenyewe kwa kitambaa kibichi, na kila mchana vumbi lilikuwa limerudi.

Kanyere aliuza sambaza mpaka msimu wa mvua ulipokolea. Halafu mwenye boti mmoja aliyegundua kwamba binti anaandika vizuri akamchukua kwenye ofisi yake ndogo palepale Kituku, kuandika mizigo na kujibu simu za bandari za Minova na Idjwi. Wanaomjua wanasema anapenda kazi ile. Birindwa alipopata habari alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia haya, kwa kuwa aliona ilikuwa inataka kumpumzisha.

Walikutana siku ya Krismasi, mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka kwa kusukumana. Kanyere alikuwa amevaa gauni la kijani, yuko na mama yake. Alimkumbatia Nshobole, wakashikana mikono muda mrefu, wakicheka juu ya jambo ambalo Birindwa hakulisikia. Kisha akamgeukia, akampa mkono wake kwa heshima, akainamisha kichwa kidogo.

"Jambo, muzee. Noeli njema."

Muzee. Ni neno zuri, hupewa kila mwenye mvi. Birindwa alisubiri kidogo, mkono wa binti bado uko ndani ya wake, kama lingefuata lile la zamani. Halikufuata.

"Noeli njema, Kanyere," akasema. "Usalimie Kambere."

"Atasikia."

Mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa volkano. Nshobole akamvuta mumewe kwa mkono wa koti, akimwambia waende kabla mvua haijawakuta njiani, na wakashika barabara ya Katoyi, mke mbele, mzee nyuma, watu wakiwapita.